Unga wa Aïcha

Kalima, 11 Mei 2002

Dada Latifa,

Pokea salamu za nyumba hii, kisha pokea mtoto. Ndugu yako Kasimu atakukabidhi Aïcha pamoja na karatasi hii, kama baiskeli haikuwaangusha njiani.

Ana miezi kumi na minne, nami nina mimba ya miezi mitatu. Unajua watu wanavyosema juu ya maziwa ya mwenye mimba. Nimepaka pilipili kwenye ziwa. Alilia, akapangusa kwa kiganja, akaendelea kunyonya. Basi nafanya kama mama yangu alivyofanya na kama mama yenu alivyofanya: mtoto aende kwa shangazi yake mpaka asahau ziwa. Wiki nne, dada. Si tano.

Mpikie uji wa mchele, mwepesi, sukari kidogo. Usimbebe mgongoni siku nzima, atakuzoea vibaya. Akitaka kulala hushika sikio la mtu, mpe lako. Mimi ni mwalimu na nimezoea kutoa maagizo, usikasirike. Najua wewe unapika kuliko sisi wote, mji mzima unakula vitumbua vyako. Lakini mtoto mdogo si mteja wa vitumbua.

Wiki nne.

Wifi yako,
Emerance, Mama Aïcha


Kindu, 20 Julai 2002

Mama Aïcha,

Barua hii anakuletea Florentin, yule wa baiskeli ya chumvi, ambaye anapita msituni kwa njia anazozijua mwenyewe. Barabara imefungwa. Wenye silaha walio msituni wameuzunguka mji, na walio mjini wanatukataza kutoka. Mashamba yetu tunayaona kwa macho tu, ng'ambo ya mto. Wiki zako nne zimekuwa kumi, na kosa si langu.

Nitakwambia habari za mtoto bila kuficha. Nilimpa uji wa mchele mtupu kama ulivyoagiza. Mwezi wa kwanza alinenepa, nikafurahi. Kumbe haukuwa unene. Ukibonyeza mguu wake kwa kidole, shimo linabaki. Nywele zikaanza kuwa nyekundu. Akawa halii tena, anaangalia tu.

Basi nikaacha maagizo yako nikafuata akili yangu. Nyuma ya nyumba lengalenga, mchicha wetu huu, imeota hovyo. Nachuma majani, nayakausha kivulini juu ya kabati, nayatwanga, nachekecha kwa kitambaa changu cha harusi, ambacho sasa hakina kazi nyingine. Kuna gunia la soya ambalo mfanyabiashara mmoja aliliacha kwangu alipokimbilia Punia. Kuna karanga. Vyote nachanganya na unga wa mchele, na uji ukiiva naongeza kijiko cha mawese. Nikiutengeneza unga ule siku ya Jumamosi, majirani wanafuata harufu yake mpaka mlangoni.

Sasa miguu imenywea. Anamaliza bakuli, analamba mwiko, analamba na kidole changu. Jumanne iliyopita alitembea, hatua sita, kutoka kwenye kinu mpaka kwenye magoti yangu.

Ameanza kuniita mama. Namkataza, lakini hasikii.

Latifa


Kalima, 3 Novemba 2002

Dada Latifa,

Alizaliwa tarehe 27 Oktoba. Wa kiume. Kasimu alimpa jina la baba yenu, na kabla ya jua kutua tukamzika kwa jina hilo.

Maziwa yamekuja, hayana mtu. Nakamua kwenye kikombe na kumwaga kwenye shina la mgomba. Kila asubuhi. Kasimu ananiambia niache, yatakauka yenyewe, lakini mimi nasema nikiacha Aïcha akirudi atakuta nini?

Barua yako ya Julai ninayo. Nimeisoma mpaka mikunjo imechanika. Ile Jumanne nimeisoma zaidi. Mimi nimebeba mimba yake, mimi nimechanika, na hatua zake za kwanza umeziona wewe, tena zilikuja kwenye magoti yako. Halafu unaniandikia kwamba anakuita mama na wewe unamkataza. Mtu akimkataza mtoto kweli, mtoto husikia.

Nina wivu, dada. Sitalizungushia neno hilo maneno mengine. Nina wivu na kinu chako, na mwiko wako, na sikio lako analolishika akilala. Nakushukuru kwamba amepona, na hata shukrani hiyo naiandika kwa shida.

Mpe Florentin amlete. Mfungeni vizuri kwenye baiskeli. Huo uji wako nitampikia mimi mwenyewe.

Emerance


Kindu, 15 Desemba 2002

Emerance,

Pole kwa msiba. Nimemlilia mtoto wa ndugu yangu ambaye sikumuona.

Aïcha sitamtuma. Florentin amefika hapa hana shati, wamemvua njiani, na chumvi yote wamechukua. Mimi nimpandishe mtoto juu ya baiskeli ya mtu huyo? Uchungu wako unakupotosha.

Na kwa kuwa umelitaja neno wivu, acha nami niseme langu. Wewe umebeba mimba mbili ndani ya miaka mitatu. Mimi nimeishi na mume miaka tisa, nimekunywa mizizi ya kila aina, na siku aliyoondoka alichukua hata godoro. Hakuna aliyeniandikia pole. Ninyi wifi zangu mlikuja na vitenge vyenu na watoto migongoni, mkala vitumbua vyangu, mkaniambia Mungu hajalala.

Wewe bado kijana. Mungu atakupa mwingine.

Latifa


Kalima, 9 Februari 2003

Latifa,

Umeacha kuniita Mama Aïcha. Nimeona.

Barabara ikifunguliwa leo, kesho Kasimu atakuwa mlangoni kwako.

Emerance


Kindu, 18 Mei 2003

Emerance,

Kasimu amekuja kama ulivyoahidi. Anasubiri nje na baiskeli wakati naandika. Nimemwogesha Aïcha, nimemsuka, nimemvalisha gauni nililolikata kutoka kwenye kitenge changu kizuri. Anafikiri anakwenda kutembea na kurudi.

Uji mwingine hatakula, nakuambia mapema. Amezoea unga wangu. Kasimu ananiomba nikuandikie namna ya kuutengeneza, nami nakuandikia ili mtu asije akasema nilikunyima.

Mchele vikombe vinne, uloweke kidogo, uukaushe. Soya kikombe kimoja, ichambue mawe, ioshe, ianike mpaka ikauke kabisa. Karanga nusu kikombe. Majani ya lengalenga yaliyokauka kivulini, usiyaanike juani, yanakufa. Twanga vyote, chekecha. Ukipika, koroga kwa maji baridi kwanza, kisha moto wa taratibu mpaka utokote vizuri. Unga wa majani utie mwishoni, vijiko viwili. Mawese kijiko kimoja.

Hayo njo yote. Sikukuficha kitu.

Latifa


Kalima, 9 Juni 2003

Dada Latifa,

Asante kwa maelezo ya unga. Nimefuata kila neno. Aïcha anakula vizuri sana, anamaliza bakuli na kuomba lingine. Amenenepa. Analala akishika sikio langu.

Hajakuulizia.

Emerance, Mama Aïcha


Kindu, 2 Machi 2025

Mama Aïcha,

Utashangaa kupata karatasi kutoka kwangu wakati sote tuna simu. Kwenye simu nitaanza kulia, nawe utanionea huruma, na sitaki huruma yako kabla hujajua. Halafu simu yako huiweka kwa sauti kubwa, nyumba nzima inasikia.

Katika miaka ishirini na miwili tumeonana mara tatu: kwenye harusi ya Aïcha, kwenye msiba wa mama yangu na kwenye msiba wa Kasimu. Mara zote tuligawana kazi ya jikoni kama watu wazima. Mimi nilipika wali, wewe ulipika sombe ya majani ya muhogo, na hatukuangaliana.

Unajua mwanao anafundisha akina mama hapa Kindu kwenye kituo cha afya, kila Alhamisi, namna ya kutia nguvu uji wa watoto. Lengalenga, moringa, soya, karanga, mbegu za maboga. Mimi huenda kukaa kwenye benchi la nyuma. Nasema nakwenda kumbeba Destin, mjukuu wetu, mama yake akiwa kazini, lakini kweli nakwenda kumsikiliza. Anasema: unga huu nililelewa nao. Basi najiona mtu.

Mwezi uliopita amekuja nyumbani na ile karatasi yangu ya mwaka wa vita, ameitia kwenye plastiki. Akasema: "Shangazi, Destin atatimiza miezi sita Aprili, nataka ule unga wako njo nimuanzie. Lakini angalia, hapa ulisahau. Haukuandika kukaanga soya." Akacheka. Akatoa karatasi kwenye plastiki, akachukua kalamu nyekundu, akaandika katikati ya mistari yangu: Kaanga kwanza. Kisha akaniambia, kama anavyowaambia wanawake wa Alhamisi, kwamba soya mbichi inaharibu tumbo la mtoto, anahara mpaka anakauka.

Mama Aïcha, sikusahau.

Soya ile niliikaanga kila Jumamosi kwa mwaka mzima. Nilijua ikiwa mbichi inanuka majani na inabaki chungu kooni. Nilitaka Aïcha auonje uji wako autapike. Nilitaka Kasimu amrudishe kwangu akisema, mtoto hataki mkono wa mama yake. Hayo njo niliyoyapanga nikimsuka nywele. Tumbo sikulifikiria. Naapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba habari ya tumbo nimeijua mwezi uliopita, kutoka mdomoni mwake.

Kisha wewe ukaandika anakula vizuri. Nilikasirika, nikasema kumbe hata uchungu anaupenda ukitoka kwa mama yake. Baadaye nikatulia. Maneno yako hayo nimeyalalia miaka yote hii kama mto. Sasa nataka kujua. Ilikuwaje kwenu mwezi ule?

Barua hii nimeiandika siku tatu. Macho yangu yamefunikwa na kitu cheupe, naona mistari minene tu. Ukijibu, andika herufi kubwa kama za ubaoni.

Latifa


Kalima, 20 Machi 2025

Dada Latifa,

Herufi kubwa zimenishinda. Nikikasirika mwandiko wangu unakuwa mdogo, wanafunzi wangu wote walilijua hilo. Tafuta mtu wa kukusomea, ila asiwe Aïcha.

Unauliza ilikuwaje. Soya niliipata baada ya wiki mbili. Siku ya kwanza ya uji ule alitema. Siku ya pili nilimbana pua kwa vidole viwili, akafungua mdomo apumue, nikatia kijiko. Nilifanya hivyo asubuhi na jioni. Nilisema, kama ameweza kula kwa Latifa, atakula na kwangu. Siku ya tatu akaanza kuhara. Alihara siku kumi na moja.

Kasimu aliniambia: "Muandikie Latifa. Muulize tu. Kuuliza haiko haya." Nikamjibu kwamba heri nitafune mwiko. Niliona aibu kukuuliza namna ya kumlisha mtoto wangu mwenyewe. Ungefurahi mno. Kwa hiyo nikaendelea kubana pua.

Ile barua ya tarehe 9 Juni niliiandika siku ya sita ya kuhara. Alikuwa amelala mkekani pembeni yangu, macho yameingia ndani, hata sikio hakuwa na nguvu ya kulishika. Niliandika anamaliza bakuli. Sikuandika uongo ule ili usihuzunike. Niliuandika ili usifurahi.

Aliyemponya si mimi. Kuna mwanamke wa hapa jirani, Mamy, muuza karanga. Alikuja kuazima chekecheke, akachovya kidole kwenye sufuria, akakunja uso: "Mama Aïcha, hii soya iko mubichi. Unataka mutoto akufe?" Hakunisubiri nijibu. Alipiga magoti jikoni kwangu, akaikaanga kikombe kwa kikombe, mpaka maganda yakapasuka na nyumba ikanukia. Harufu ile iliponifikia nikakumbuka barua yako ya Julai. Majirani wanafuata harufu yake mpaka mlangoni. Soya mbichi haimwiti mtu mlangoni. Kwa hiyo nilijua, dada. Nilijua kabla uji wa Mamy haujaiva.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu ningesema la soya, ningelazimika kusema la pua. Nikanyamaza, nikaiweka karatasi yako kwenye sanduku, chini ya nguo za yule mtoto wa Oktoba.

Sasa acha nikwambie na la mwaka huu, maana umesema lako. Januari Aïcha alinipigia: "Mama, unga wa Destin atatengeneza shangazi. Mukono wake njo ulinilea." Mkono wako. Nina miaka hamsini na mitatu, nimefundisha watoto elfu kusoma, na neno hilo lilinichoma kama nimeshika sufuria bila kitambaa. Nikafungua sanduku. Karatasi yako nilimtumia kwa mtu wa pikipiki, nikamwambia aisome vizuri, ni maandishi ya shangazi yake. Nilitaka aisome kwa macho ya kazi yake. Nilitaka akujue. Naye akachukua kalamu nyekundu akakusahihisha kama daftari la mwanafunzi aliyesahau. Alikusamehe kabla hajajua kuna kosa. Kwa hiyo hata kisasi sikukipata.

Usimwambie. Mtoto yule alikuwa karibu kufa katikati yetu, wewe ukificha na mimi nikificha, na hakuna kati yetu aliyekuwa na njaa. Choma barua hii.

Bado nina wivu nawe. Sijui nitauweka wapi.

Emerance


Kindu, 6 Aprili 2025

Mama,

Barua yako haikuchomwa. Ninayo hapa.

Shangazi aliipokea kwa mtu wa lori, akakaa nayo juani mlangoni siku mbili, akiisogeza mbali na kuileta puani. Siku ya tatu akaniita. Nilimsomea neno kwa neno, hata pale unapoagiza nisisome. Nilipofika kwenye kubana pua, nilisimama, nikaenda kumnyonyesha Destin, nikarudi nikamaliza. Shangazi alikuwa hajasogea.

Nilimuuliza kwa nini hakumwita mtoto wa jirani, Yannick anasoma vizuri. Akaniambia: "Hii barua njo yako. Sisi wawili tulikuwa tunaandikiana tu juu yako." Kisha akanionyesha na zile za zamani, zako zote. Amezitunza kwenye mkebe wa unga.

Mama, nimewakasirikia wote wawili, na sijui nianze na nani. Siku nne sikumsemesha shangazi, ingawa nilimpelekea chakula. Wewe sikukupigia, nadhani uliona. Kila Alhamisi nawaambia akina mama wasimlazimishe mtoto, wasimbane pua. Walionifundisha kazi waliligusa hilo mara moja tu, mimi ndiye ninayelirudia kila wiki, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Hata mume wangu anajua kwamba siwezi kuvumilia mtu kunishika uso. Tulidhani ni maringo.

Nimesoma pia kuhusu kikombe cha maziwa na shina la mgomba. Hiyo nimeisoma peke yangu, shangazi akiwa hayupo. Hukuwahi kuniambia.

Destin anatimiza miezi sita tarehe 28. Lori la kutoka Kalima linaondoka Jumatano. Panda. Utalala kwa shangazi, kwangu hakuna nafasi, na hata kama ingekuwepo nisingekupa. Mchele utachambua wewe, kwa sababu una macho. Majani atachekecha yeye, kwa sababu mikono yake inajua bila kuona. Mtakaa mkeka mmoja, uani kwangu. Atakayeanza kuuliza mkono wa nani mtamu, nitamrudisha kwake siku hiyo hiyo, awe mama, awe shangazi.

Kijiko cha kwanza nitampa mimi, na akikataa tutasubiri.

Soya nitakaanga mwenyewe.

Aïcha, Mama Destin